Barua ya Peke Yako, Barua ya Sahihi Nyingi au Ombi Rasmi: Ipi Umpelekee Mheshimiwa?

Kwenye saiba yangu hapa Kondele, Kisumu, kuna kiti cha plastiki kando ya kompyuta ya kwanza. Wanaokuja kuchapiwa barua hukikalia hicho, na wengi huanza kwa maneno yale yale: "Nataka kumwandikia mheshimiwa." Nami huuliza, mheshimiwa yupi? Na barua ya aina gani? Hapo kimya huingia. Jambo wanalo, tena limewakaa rohoni. Ila hawajaamua kama waandike peke yao, wakusanye majirani watie sahihi, au wapeleke ombi rasmi kwenye bunge lenyewe.

Nimechapa za aina zote tatu. Nimeona barua ya ukurasa mmoja ya mama muuza omena ikijibiwa kabla ya mwezi kwisha, na nimeona sahihi zaidi ya mia mbili zikilala kwenye droo ya ofisi mpaka waliozitia wakazisahau. Kinyume chake pia nimekiona. Kwa hiyo sitakwambia ipi inazishinda nyingine. Nitakueleza kila moja inakudai nini na inakupa nini, nawe upime na shida uliyo nayo.

Kabla ya kuchagua barua, chagua mlango

Siku ya uchaguzi ulipewa karatasi sita za kura, na hao sita uliowachagua hawafanyi kazi moja. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limegawa majukumu kati ya serikali ya kitaifa na serikali za kaunti. Zahanati, soko, taka, taa za mtaani, maji na chekechea ni mambo ya kaunti. Mtoto akivuka chekechea na kuingia shule ya msingi, tayari ameingia mikononi mwa serikali ya kitaifa, pamoja na shule za sekondari, polisi na barabara kuu kama ile ya Kisumu kwenda Busia. La kaunti lianze kwa MCA wako, yaani mjumbe wa wadi yenu katika bunge la kaunti. La kitaifa liende kwa mbunge, au kwa mwakilishi wa wanawake, ambaye naye anaketi katika Bunge la Kitaifa na ana kaunti nzima. Seneta anafaa pale fedha zinazogawiwa kaunti zinapotumika kwa njia unayoitilia shaka.

Barabara ndizo huwachanganya watu zaidi. Ya mtaani kwenu inaweza kuwa ya kaunti, ya KURA (mamlaka ya kitaifa ya barabara za mijini) au ya KeRRA (ile ya barabara za mashambani), na kwa macho zote ni mashimo tu. Nenda ofisi ya wadi ukaulize kwanza. Swali la asubuhi moja litakuokolea miezi ya kungoja jibu kutoka kwa mtu ambaye barabara hiyo si yake.

Kuna jambo la pili kuhusu mlango ambalo watu wengi hawaambiwi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, inamtaka MCA awe karibu na wapiga kura wake na kushauriana nao. Kifungu hicho hicho kinamkataza kufanya kazi za utendaji za serikali ya kaunti. Maana yake ni kwamba ukimwandikia "tuletee greda", umemwomba kitu ambacho kisheria si chake kutoa. Kilicho chake ni kuleta hoja katika bunge la kaunti, kuomba taarifa kutoka kwa kamati inayohusika, kumfanya waziri wa kaunti aje kujibu, na kupigania mradi wenu uingie kwenye bajeti. Mbunge naye ana maswali kwa mawaziri, ana hoja, ana kamati. Mwombe mtu kile kilicho mkononi mwake, kwa jina lake: "Naomba uulize swali bungeni kuhusu…" Ombi la namna hiyo ni gumu kulikwepa.

Vigezo nitakavyotumia

Nitaipima kila njia kwa mambo matano. Inagharimu nini, kwa shilingi na kwa jasho? Ina kasi gani? Kuna mtu anayelazimika kisheria kukujibu? Inakuweka wazi kiasi gani mbele ya watu wenye nguvu? Na mwisho, inakuachia kumbukumbu gani mkononi?

La nne ndilo ninalolisikia likisemwa kwa sauti ya chini kwenye kile kiti cha plastiki. Wadi ni ndogo. MCA anakufahamu, anamfahamu mume wako, na huenda mtoto wako yumo kwenye orodha ya basari, ule msaada wa karo. Mtu anayekuuliza "nikiandika hivi, mtoto wangu ataachwa?" hajauliza swali la kipuuzi, na yeyote anayeshauri watu kuhusu barua bila kuligusa hilo hajawahi kukaa nao.

Barua ya peke yako

Kwa gharama, hakuna iliyo nafuu kuliko hii. Kwangu kuchapa ukurasa ni shilingi 50, na nakala ni shilingi 10. Hata ya mkono inakubalika, mradi isomeke. Katiba inavitambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, kwa hiyo usiache kuandika kwa kuwa Kiingereza chako hakijanyooka. Barua ya Kiswahili kinachoeleweka huniridhisha kuliko ya Kiingereza cha kuazima, na nadhani huwaridhisha pia wanaozipokea.

Jasho lake liko kwenye maneno, na hapa nitakawia kidogo, kwa sababu nguvu yote ya barua hii imo humo. Barua ya mtu mmoja haina umati nyuma yake. Ina kitu kimoja tu: wewe uliyaona mambo kwa macho yako. Mzee mmoja alikuja na karatasi iliyosema, "Barabara yetu ni mbovu sana na wananchi wanateseka." Nikamwomba anisimulie siku moja tu. Akaniambia kuhusu asubuhi aliyombeba mjukuu wake wa darasa la tatu kuvuka pale ambapo kalvati liliziba, maji yakamfika yeye mzee magotini, na mtoto akafika shuleni saa tatu badala ya saa mbili kasoro. Tukaandika hayo, na tarehe yake, na jina la mahali pale kama wenyeji wanavyopaita. Kisha sentensi moja ya ombi: kalvati hilo lizibuliwe kabla ya mvua za masika, na yeye MCA aombe taarifa bungeni kuhusu ni lini. Barua nzima haikufika nusu ya pili ya ukurasa.

Mwaka ule kalvati lilizibuliwa. Sina uhakika ni barua iliyofanya hivyo, kwa kuwa na wengine walikuwa wakilalamika. Ninachojua ni kwamba karani wa ofisi ile alimpigia mzee simu kumwuliza pale mahali ni wapi hasa. Barua iliyosema "wananchi wanateseka" haimfanyi mtu ainue simu.

Umbo lake usilihangaikie sana. Anwani yako juu, tarehe, anwani ya ofisi, "Kwa Mheshimiwa", halafu KUH: na jambo lenyewe kwa maneno yasiyozidi kumi. Jambo moja tu. Eleza unaishi wadi gani, maana kiongozi anataka kujua kama wewe ni mtu wake. Funga kwa heshima na uache nambari ya simu inayopatikana. Matusi yaache nyumbani hata kama hasira ni ya haki, maana anayefungua barua kwanza ni karani, naye ndiye anayeamua iwekwe juu ya rundo au chini yake.

Kasi yake inategemea mtu. Ikimkuta kiongozi au karani mwenye moyo, ndiyo ya haraka kuliko zote, siku chache tu. Ikimkuta asiyejali, haina miguu.

Kisheria, hakuna siku zilizowekwa ambazo mbunge au MCA lazima akujibu barua ya kawaida. Huu ndio udhaifu wake mkubwa. Ila kuna msaada wa pembeni ambao ningependa kila mtu aujue: barua ya kuomba habari. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, unaweza kuiandikia idara ya kaunti au ya serikali, kwa Kiswahili au Kiingereza, ukauliza kwa mfano mradi wa zahanati yenu ulitengewa pesa ngapi na mkandarasi ni nani. Hiyo wana siku 21 kuijibu, na saa 48 kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Wakikataa au wakinyamaza, Tume ya Haki ya Utawala, ile inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ina ofisi hapa Kisumu. Majibu ukishayapata, barua yako kwa MCA huwa na tarakimu za serikali yenyewe.

Kwa usalama, uko peke yako na jina lako liko juu. Jambo likiwa la kumlaumu mtu wa karibu, fikiri mara mbili kabla ya kutumia njia hii. Jambo likiwa la kuomba huduma, sijaona mtu akidhurika.

Kumbukumbu yake ni nakala yako yenye muhuri. Nitaurudia muhuri baadaye.

Barua hii inamfaa mtu mwenye kisa kilichompata yeye hasa: cheti kilichokwama, mtoto mlemavu asiyepata nafasi shuleni, mzazi aliyerudishwa zahanati bila dawa. Inamfaa pia mwenye haraka, na yule ambaye majirani zake wamekata tamaa.

Barua ya sahihi nyingi

Shilingi hazipandi sana, karatasi chache zaidi na labda nauli ya bodaboda. Jasho ndilo linapanda. Kuna kupita nyumba kwa nyumba, kumwelezea kila mtu, na kumngojea aliyesema "njoo kesho". Wanaofaulu huenda pale watu wamekwisha kukusanyika: siku ya chama, baada ya ibada, mwisho wa baraza la chifu, kwenye mkutano wa wazazi. Jumapili moja inaweza kufanya kazi ya wiki mbili.

Watu wengi wanasita kutia sahihi, na wana sababu. Mwaka wa 2021 Wakenya wengi walitazama kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wakakuta wameandikishwa katika vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Tangu hapo, ukimwomba mtu nambari ya kitambulisho anakutazama mikono. Kwa barua ya kawaida ya pamoja, usiombe nambari hizo. Jina, mtaa na sahihi vinatosha. Na kila ukurasa wa sahihi ubebe juu yake kichwa cha barua na tarehe, ili asitokee mtu wa kuubandua akaubandika kwenye jambo lingine. Nimewahi kuokota kwenye mashine yangu ya kutoa nakala orodha nzima ya majina na simu za watu, imesahauliwa. Niliitunza mpaka mwenyewe akarudi, lakini ingeangukia mkono mwingine? Sheria ya Kulinda Data ipo tangu 2019, ila mlinzi wa kwanza wa orodha ni aliyeibeba.

Hatari nyingine inatoka ndani. Watu wengi wana haja nyingi, na kila anayetia sahihi anataka lake liongezwe. Dada yangu anaishi Kaptembwo, Nakuru. Kikundi chao kiliandika kuhusu taka zilizokuwa zikirundikana karibu na mahali watoto wanapochezea. Kufikia mwisho wa kukusanya sahihi, barua ilikuwa na maombi kumi na moja: taka, taa, maji, kituo cha polisi, mpaka magoli ya uwanja. Ofisi waliyoipelekea iliwajibu, tena kwa adabu, kwamba suala la magoli linashughulikiwa. Mengine kumi hayakutajwa. Ukimpa mtu chaguo, atachagua lililo jepesi. Andikeni moja, na mengine yaandikieni barua zao.

Kasi ni ya kati. Kukusanya kunachukua muda, lakini ikishafika husogea, kwa sababu kiongozi anahesabu. Sahihi sitini za mtaa mmoja ni kura sitini, na anajua zinatoka nyumba zipi. Hapo ndipo penye nguvu yake yote. Ndiyo maana sahihi za wapiga kura wa wadi yake zina uzito kuliko mara tatu yake kutoka kwingine. Zipangeni kwa mtaa au kijiji, msizichanganye.

Wajibu wa kujibu una mwanga kidogo zaidi hapa, mradi barua ielekezwe kwa serikali ya kaunti yenyewe, nakala kwa MCA. Sheria ya Serikali za Kaunti, kifungu cha 88, inampa mwananchi haki ya kuiandikia kaunti ombi juu ya jambo lolote lililo chini yake, na kifungu cha 89 kinazitaka mamlaka za kaunti zijibu bila kukawia. Vitajeni vifungu hivyo kwenye aya ya kwanza. Karani akiviona hujua kwamba mwenye barua anajua anachofanya.

Usalama ni faida yake ya wazi. Jina lako ni la 34 kati ya 60. Wa kwanza kwenye orodha na yule anayeipeleka ndio wanaoonekana, kwa hiyo kikundi kikubaliane nani atangulie. Mara nyingi huwa ni mtu asiye na la kuombea kwa kiongozi: mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, mama mwenye biashara yake mwenyewe.

Kumbukumbu huwa nzuri kama mmoja amekabidhiwa kuitunza. Isipokabidhiwa mtu, hupotea haraka kuliko ya mtu mmoja, maana kila mmoja hudhani iko kwa mwenzake.

Inawafaa wenye shida ya pamoja inayoonekana kwa macho, yaani maji, soko, daraja, taa, taka, na wale wanaoogopa kuonekana peke yao.

Ombi rasmi bungeni

Hili wengine huliita petisheni, na wengi hudhani linahitaji sahihi elfu moja. Halihitaji. Kifungu cha 119 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kuliomba Bunge lizingatie jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, pamoja na kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Mtu mmoja anatosha. Kwa bunge la kaunti, haki hiyo imo katika kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti.

Gharama ya pesa si kubwa. Jasho ni la kufuata masharti, na masharti yapo katika sheria ya 2012 inayohusu utaratibu wa kuliomba Bunge. Ombi liwe kwa Kiswahili au Kiingereza, limeandikwa kwa mkono au kwa mashine, lisiwe na mikwaruzo wala maneno yaliyofutwa. Lielekezwe kwa Bunge husika. Liseme kama umewahi kulipeleka jambo hili kwa chombo kinachohusika na ulijibiwa nini. Liseme kama kuna kesi mahakamani juu yake. Limalizike kwa sala, yaani kile hasa unachoomba Bunge lifanye, kwa lugha ya heshima na iliyo wazi. Majina, anwani, nambari za vitambulisho na sahihi ziwemo, na asiyejua kuandika aweke alama ya kidole.

Angalia hilo sharti la juhudi za awali. Bunge litakuuliza ulikwenda wapi kwanza. Ile barua ya peke yako iliyopuuzwa, na ile ya sahihi iliyolala kwenye droo, hapa zinapata kazi. Taja tarehe zake ndani ya ombi na uziweke nakala zenye muhuri tayari kwa siku kamati itakapokuita. Mtu aliyekuja kwangu akisema "niliandika mara mbili, sikusaidiwa, nimechoka" mara nyingi alikuwa tayari na nusu ya ombi mkononi mwake bila kujua.

Unaweza kulipeleka mwenyewe kwa Karani wa Bunge, au ukampa mbunge aliwasilishe kwa niaba yako. Kwa Bunge la Kitaifa na Seneti, anwani ni S.L.P. 41842-00100, Nairobi, kwa hiyo si lazima upande basi la usiku. Kwa kaunti ni ofisi ya karani wa bunge la kaunti. Waulize mfano wa ombi lililokubaliwa awali, maana kila bunge la kaunti lina kanuni zake za kudumu.

Kasi ndogo. Katika Bunge la taifa, karani ana siku saba za kulikagua kama limetimiza masharti. Likivuka hapo husomwa bungeni na kukabidhiwa kamati, ambayo itachunguza, itaita watu, itaandika ripoti. Hesabu kwa miezi. Na Bunge likiwa likizo, unangoja.

Kwa wajibu wa kujibu, hakuna linalolikaribia. Jambo lako linaingia kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge, linapewa kamati yenye jina, na kamati hiyo ina uwezo wa kumwita waziri au mkuu wa shirika aje aeleze. Kiongozi wako hawezi kusema hakuliona.

Usalama ni mdogo. Jina lako litasomwa hadharani na unaweza kuitwa ukatoe ushahidi mbele ya kamati. Asiyeweza kubeba hilo apitie chama, shirika la kijamii au kanisa lenye viongozi walio tayari kusimama. Si aibu kulipitisha kwa mikono mingine.

Kumbukumbu ndiyo bora kuliko zote tatu, kwani si wewe peke yako unayeitunza.

Linamfaa mwenye jambo linalohitaji sheria, sera au uchunguzi: ardhi ya umma iliyonyakuliwa, fidia ya wakazi waliohamishwa, mradi uliolipiwa na haupo. Kwa kalvati moja lililoziba, ni shoka la kukatia mchicha.

Na ujumbe wa simu?

Vijana huniuliza hili kila mara, na nina heshima kwa swali lao. Juni 2024, wakati wa Mswada wa Fedha, wabunge walimiminiwa simu na jumbe kutoka kwa raia wa kila pembe, na pamoja na maandamano yaliyoangamiza maisha ya vijana wetu, mambo yalifika mahali Rais akakataa kuutia sahihi mswada ule tarehe 26 Juni. Jumbe zilikuwa na nguvu kwa sababu zilikuwa nyingi, za siku zile zile, na kura ilikuwa inakaribia. Nje ya hali ya namna hiyo, ujumbe husomwa ukapita. Utumie kufuatilia barua: "Mheshimiwa, niliacha barua ofisini tarehe 12, ina muhuri wenu, naomba kujua imefikia wapi."

Muhuri, na mwezi wa kuandika

Yoyote utakayochagua, beba nakala mbili. Moja waiache, ya pili waigonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Kuna ofisi moja niliyopeleka barua ya mama yangu mwenyewe, bila kudai muhuri kwa kuwa aliyenipokea alikuwa mkarimu mno na niliona haya. Miezi mitatu baadaye palikuwa na karani mwingine, na barua haikujulikana. Mama alianza upya, na wakati huo ugonjwa ulikuwa umezidi. Ninalibeba hilo mpaka leo. Ukarimu wa karani usikufanye uache muhuri.

Kuhusu mwezi, jambo linalohitaji pesa za kaunti linafuata kalenda ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mkakati wa fedha hufika kufikia 28 Februari. Makadirio ya bajeti hufika kufikia 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza 1 Julai. Ukimwandikia MCA mwezi wa Julai kuhusu taa za soko, pesa za mwaka ule zimekwisha kupangwa, na hata akikupenda atakwambia ungoje. Yule mama wa omena niliyemtaja mwanzo aliandika katikati ya Januari. Aliomba taa nne pale wanapoteremkia abiria usiku. Walipata mbili, mwaka wa fedha uliofuata.

Kulingana na hali yako

Kama shida imekupata wewe na watu wako tu, andika peke yako, ukurasa mmoja, na ungoje wiki mbili kabla ya kufuatilia.

Kama mtaa mzima unaumia na mna hofu ya kutajwa, andikeni pamoja, jambo moja, bila nambari za vitambulisho, na mpeleke kabla ya Februari kama linahitaji bajeti.

Kama umeandika mara mbili na una nakala zenye muhuri lakini huna jibu, usiandike ya tatu ya aina ile ile. Nenda kwenye ombi rasmi, kwa bunge la kaunti au la taifa kulingana na jambo lenyewe.

Kama unashuku pesa zimepotea lakini huna tarakimu, anza na barua ya kuomba habari, uhesabu siku 21, kisha ndipo uamue.

Kama unahofia mtoto kukosa basari, mtafute mtu asiye na la kuogopa abebe barua, nawe umpe maelezo yote.

Kama Mto Nyando au Nzoia umevunja kingo usiku huu, weka kalamu chini. Mpigie chifu, mpigie MCA, waamshe majirani. Piga picha maji yalikofika ukutani na uandike saa, kisha ukija Jumatatu tutachapa barua tukiwa na picha hizo mezani.